Maji ya Moto ya Katanga: Kiabukwa, Mwashya na Wenye Kuyachunga

Mutu wa Kasapa akitaka kupumzika, mawazo yake yanaenda mbali. Hapa kwetu tuko na vichuguu, tuko na kampasi ya chuo kikuu, tuko na gereza, na miti ya miombo iliyobaki inakwisha kila mwaka ndani ya mifuko ya makala. Kwa hiyo wanafunzi wakimaliza mitihani, ao wafanyakazi wakipata konje, masolo yanageuka upande wa kaskazini: maporomoko ya Kyubo kwenye mto Lufira, Lofoi kule Kundelungu ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300, nyanda za Upemba, na vimuji vya mulimani kama Mitwaba ambamo asubuhi kuna baridi na usiku hakuna kelele. Ndani ya masolo hayo kuna fasi moja inayotajwa mara chache, na wengi wanaoitaja wanasema paka hivi: kule maji inatoka chini ikiwa ya moto. Jina lake ni Kiabukwa.

Tunaandika habari zake katika kijitabu hiki cha mila kwa sababu moja. Wanaotamani kwenda kule wanatamani kama watu wanaoenda kwenye fasi tupu, fasi ya majani, ndege na maji, ambayo Mungu aliiacha kimya tangu mwanzo. Sisi tunasema kimya kile kina historia. Maji ya moto na maji ya chumvi ya Katanga yalikuwa na wenyewe, yalikuwa na kazi, yalikuwa na njia za kuyafikia na masharti ya kuyakaribia. Kuna wakati hata mashine ya umeme ilinguruma pale, mbele ya inchi nyingi za Ulaya na Amerika kujua kazi hiyo. Mutu akifika bila kujua hayo, ataona mvuke, atapiga picha, atarudi.

Kwanza tueleze maji yenyewe. Katika inchi yetu, mutu akisikia maji ya moto anafikiri mara moja milima ya volkano ya Kivu, na ni kweli: upande wa Rutshuru, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kuna fasi inaitwa wazi Mai ya Moto. Lakini kwetu Katanga hakuna volkano. Moto wa maji yetu unatoka kwa njia nyingine. Bonde la Upemba, kule Lualaba inapotawanyika na kuacha maziwa ya Upemba, Kisale na mengine madogo, ni sehemu ya inchi iliyopasuka na kuteremuka, ginsi ileile ilivyopasuka kwenye ziwa Tanganyika, ingawa kwa kiasi kidogo. Maji ya mvua yanaingia ndani ya nyufa, yanateremuka chini sana. Kwa kila kilometa moja ya kuteremuka, joto linaongezeka digri 25 ao 30 hivi. Baba zetu waliofanya kazi chini ya udongo kule Kipushi hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha jambo hilo. Kisha maji yanapata ufa wa kupandia, na yakipanda upesi yanafika juu yangali ya moto. Kiabukwa yanatoka na digri 91. Hapa Lubumbashi, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, sufuria ya maji inachemka kwenye digri 96. Kwa hiyo maji ya kule yamebakiza kidogo yachemke bila kuni. Mutu asidanganywe na picha za mabafu ya Ulaya. Maji hayo yanaunguza.

Kwa Baluba, fasi kama hizo haziachwi hivihivi. Bavidye, zile roho kubwa zinazochunga inchi na ufalme, makao yao ni milima, mapango, maziwa, na chemchemi, na za maji ya moto pia. Bankambo hawakusema kwamba maji ni mungu. Walisema maji yana mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, na wamisionari wengi wa kwanza waliipita bila kuiona. Kama maji yana mwenyewe, basi mutu anaenda kwake kama anavyoenda kwa mukubwa yeyote: anatangaza safari yake, anapitia kwa anayechunga mulango, anakuja na kitu mukononi, haingii na kelele. Mpemba, ule udongo mweupe, ulipakwa juu ya mwili kwa kuonyesha moyo safi na kuomba baraka. Anayechunga fasi ndiye anasema nani apite na nani arudi. Mukubwa wa udongo, yaani yule ambaye ukoo wake ulifika mbele na kupatana na roho za pale, alikuwa na neno hata mbele ya mukubwa wa utawala.

Hata makao ya wafalme waliokufa yaliingia katika mpango huo. Mfalme akifariki, kao lake lilikuwa kitenta, fasi ya roho yake, na mwanamke aliyeitwa Mwadi alikaa pale akiwa ndiye anayebeba roho ile. Watu wakaendelea kumutembelea na kumupa heshima kama vile mfalme angali hai. Inchi ya Baluba basi ilikuwa imetiwa alama: hapa kitenta cha fulani, pale mulima wa vidye fulani, kule maji. Safari ya mutu ya kutoka fasi moja kwenda ingine ilikuwa pia safari ndani ya historia.

Na alama hizo ziliandikwa. Tunatumia neno hilo kwa makusudi. Wengi katika sisi tuliosoma tulifundishwa kwamba bankambo hawakuwa na maandiko. Lakini chama cha Bambudye, ambacho kazi yake ilikuwa kuchunga kumbukumbu za ufalme, kilikuwa na lukasa. Ni kipande cha mbao kinachoenea mukononi, chembamba katikati, na juu yake kuna ushanga, simbi na michoro. Mwenye kujua alikishika kwa mukono wa kushoto, akapitisha kidole cha mukono wa kuume juu ya ushanga, akataja: Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga, njia walizopita, mito waliyovuka, machifu waliowapokea, fasi za bavidye. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa chifu na watu wake. Ushanga uleule, kwa msimulizi mwingine na siku ingine, unaweza kusema jambo lingine, na hilo halikuwa kosa; lukasa ilimukumbusha mutu aliyefundishwa, haikusema peke yake. Katika macho yetu, lukasa ndiyo kitabu cha kwanza cha kuongoza wageni katika Katanga. Leo nyingi ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya vioo, na vidole vya kuzisoma viko huku.

Kuna Wazungu walioandika mambo hayo mapema. William Burton, mumisionari Mwingereza aliyefika Mwanza katika inchi ya Baluba mwaka 1915, alikaa miaka mingi, akapiga picha, akachora, akakusanya habari za dini na mila, ingawa alikuja kwa kuzipinga. Padri Placide Tempels, Mufransiskani aliyefika Kongo mwaka 1933, aliandika kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu, kikachapishwa hapa kwetu Elisabethville mwaka 1945. Wasomi wa dunia nzima wamekibishania kitabu hicho, na wanafunzi wa kampasi yetu wameandika juu yake kazi zisizohesabika. Sisi tunapenda tu kusema kwamba nguvu ambayo Tempels aliitafuta katika mawazo ya watu, watu wenyewe walikuwa na fasi ya kuiendea kwa miguu.

Lakini tusifanye kama bankambo waliishi kwa sala peke yake. Walikula pia, na chakula kinataka chumvi. Hapa habari yetu inarudi kusini, kwenye Lufira, mpaka Mwashya.

Chumvi ya bahari iko mbali na Katanga, kila upande. Mutu wa siku hizi anaenda sokoni Kenya ao Mzee, anatoa makuta kidogo, anapata mufuko. Hawezi kujua chumvi ilikuwa nini zamani. Katika inchi ya ndani, fasi penye maji ya chumvi palikuwa kama mugodi. Baluba wa Upemba walijulikana kwa samaki, kwa chuma na kwa chumvi. Huku kusini Mwashya ilikuwa na chemchemi zake. Kazi yenyewe ilifanana karibu kila fasi. Wakati wa kiangazi maji yanapungua na udongo unabaki na kitu cheupe juu. Watu, na mara nyingi ni wanawake, wanakwangua udongo ule, wanautia ndani ya chombo chenye tundu chini na majani ya kuchujia, wanamimina maji polepole. Yanayodondoka ni machungu kwa ulimi. Yanawekwa juu ya moto na kuchemshwa masaa na masaa, mpaka maji yaishe na chumvi ibaki. Kisha inashindiliwa, inafungwa ndani ya majani, inakuwa mizigo ya kubebwa njiani. Na mwenye udongo anapewa sehemu yake. Kazi inakufa mvua ya kwanza ikinyesha, kwa sababu mvua inaosha kila kitu.

Tunataka musomaji aone hesabu iliyo ndani ya kazi hiyo. Kuni zinatakiwa nyingi. Vyungu vinatakiwa, basi wafinyanzi. Chakula cha watu waliopiga kambi miezi miwili ao mitatu kinatakiwa, basi wakulima na wavuvi wanakuja kubadilisha vyao. Fasi ambayo leo tunaiita ya kimya ilikuwa na moshi na makelele ya watu kila kiangazi. Hata upande wa Tanzania, kule Uvinza karibu na mto Malagarasi, watu walichemsha maji ya chumvi kwa njia inayofanana na hiyo, na wachimbaji wa mambo ya kale walipochunguza pale katika miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Tunataja Uvinza kwa sababu njia ya Katanga ilifika upande ule. M'siri, aliyesimamisha utawala wa Bayeke kule Bunkeya katika karne ya 19, asili yake ilikuwa kwa Wasumbwa, watu wa magharibi ya Tanzania, na baba yake Kalasa alikuja huku kwa biashara ya shaba. Bunkeya ikawa soko kubwa: pembe za tembo, shaba, chumvi, na tuseme wazi, watumwa pia. Njia moja ilielekea bahari ya mashariki, nyingine ilielekea Angola. Aliyeshika Bunkeya alishika pia wenye chumvi. Halafu, tarehe 20 Desemba 1891, M'siri akapigwa risasi na Bodson, afisa wa msafara wa Stairs, na kitabu kingine kikafunguliwa.

Miongoni mwa waliofika mara baada ya hapo alikuwa Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui. Yeye na waliomufuata hawakutafuta chumvi, walitafuta mawe. Kutoka kwao jina la Mwashya likaingia katika jiolojia, na mpaka leo wataalamu wanaochunguza shaba ya Katanga na ya Zambia wanataja Mwashya kila siku kwa maana ya tabaka fulani la mawe ya zamani sana. Mutu anaweza kupata daktora kwa Mwashya bila kujua kwamba palikuwa na mama mmoja pale aliyekwangua udongo. Hatusemi kwa kulaumu. Ni vizuri jina limebaki. Lakini limebaki upande wa mawe, upande wa watu limekonda.

Sasa turudi kaskazini, kwa Kiabukwa, na kwa jambo ambalo hata watu wenye kusoma wa Lubumbashi wanashangaa wakiambiwa. Mwaka 1952 kilijengwa pale kiwanda cha umeme kinachotumia maji ya moto kutoka udongoni. Nguvu yake ilikuwa karibu kilowati 200. Ni kidogo, lakini tuangalie tarehe. Duniani, watu wa kwanza kuwasha taa kwa nguvu hiyo walikuwa Waitalia, kule Larderello, mwaka 1904. New Zealand walianza Wairakei mwaka 1958. Marekani walianza kule California mwaka 1960. Kenya, ambayo leo ndiyo ya kwanza Afrika na inapata zaidi ya megawati 900 kwa njia hiyo, ilifungua Olkaria mwaka 1981. Kiabukwa iliwatangulia wote hao isipokuwa Italia, na Kenya iliitangulia kwa miaka 29.

Ginsi ilivyofanya kazi inastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake kuna akili. Kule Larderello udongo unatoa mvuke wenye nguvu, na mvuke ule unazungusha mashine. Kiabukwa haikuwa na mvuke wa namna ile. Ilikuwa na maji ya digri 91 tu. Kwa hiyo moto wa maji ulipitishwa kwenye kimiminika kingine chenye kuchemka upesi kuliko maji. Kile kikageuka mvuke, kikasukuma mashine, kikapoozwa, kikarudi kuanza tena. Leo viwanda vya namna hiyo viko katika inchi nyingi, na vitabu vingi vinaanza historia yake na kiwanda cha Paratunka, katika Muungano wa Kisovyeti, mwaka 1967. Miaka 15 mbele ya hapo, kwetu kilikuwa kimeshazunguka.

Kilizunguka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mugodi. Kampuni moja ya migodi ilihitaji kuranti katika fasi ya mbali ambako nyaya za miji mikubwa hazikufika, na maji ya moto yalikuwa karibu. Hakuna aliyejenga kiwanda kile kwa kuwashia taa watu wa mukini. Kwa hiyo tusiandike, vile wengine wanapenda kuandika kwa furaha, kwamba Kongo ilikuwa na maendeleo makubwa kuliko wengine. Maji ya mwenyewe yaliwekwa kazini bila mwenyewe kupata kitu. Kiwanda kilikuwa na muteja mmoja tu, na baada ya miaka michache kilisimama. Hakikuwashwa tena.

Kwa nini kilisahauliwa? Jibu letu ni kwamba Katanga ilikuwa na maji mengine yenye nguvu zaidi. Lufira ilikwisha kufungwa mwaka 1930 kwenye maporomoko ya Cornet, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Mwaka 1950 kikaja kiwanda cha pili kwenye mto uleule. Katika miaka ya 1950 Lualaba nayo ikafungwa fasi mbili. Viwanda vile vinne vilipewa majina ya wakubwa: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel, wote watu wa misafara ya 1891 na 1892. Wakati wa siasa ya kurudilia asili, katika miaka ya 1970, majina hayo yakatupwa, na vikaitwa kwa majina ya fasi: Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Kiabukwa haikuhitaji kubadilishwa jina. Tangu mwanzo iliitwa Kiabukwa. Hakuna mukubwa wa Ubelgiji aliyeona kilowati 200 zinatosha kubeba jina lake, na kwa sababu hiyo jina la wenyewe likapona. Mbele ya Nseke yenye megawati karibu 250, kiwanda cha Kiabukwa kilikuwa kama koroboi mbele ya jua.

Mambo mengine tutayapita haraka kwa sababu musomaji anayajua. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939, na kutoka hapo sehemu kubwa ya inchi ile ikawa ya wanyama na ya walinzi. Wataalamu wa msafara wa de Witte walihesabu wadudu, samaki na majani yake kati ya 1946 na 1949. Kisha uhuru, kujitenga kwa Katanga kutoka Julai 1960 mpaka Januari 1963, na miaka ya Zaire ambamo barabara zilirudi porini kidogo kidogo.

Lakini vita ya karibuni haifai kupitwa haraka, kwa sababu ndiyo iliyomaliza safari za watu. Baada ya 2002, upande wa Mitwaba, Manono na Pweto uliitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu walikimbilia porini na kambini. Gédéon Kyungu Mutanga, mukubwa wa kundi moja la Mai-Mai, alijitoa kule Mitwaba mwezi wa Mei 2006; mwaka 2009 mahakama ya jeshi ilimuhukumu kifo, akaletwa gereza la Kasapa. Njo vile historia ya kaskazini ilifika mulangoni mwetu. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza hilo, na karibu wafungwa elfu moja wakatoka, yeye akiwa kati yao. Waliokuwa Kasapa siku ile wanakumbuka risasi. Na waliokuwa kaskazini wanakumbuka yaliyofuata: vita ilirudi, na mwaka 2013 watu wa Mitwaba walikimbia tena.

Vita kama hiyo inaua watu, na inaua pia kazi ya kuchunga. Mukini ukihama, mwenye kujua njia anakufa kambini, mutoto wake anakulia pembeni ya muji mukubwa akiuza maji ya viroba. Mpemba haupakwi tena. Kimya ambacho mutalii anakisifu, sehemu yake ni kimya cha watu waliokimbia. Tunaona ni lazima neno hilo lisemwe mbele ya kusema uzuri wa milima ya Kibara, ambayo kweli ni mizuri, na mbele ya kusema kwamba Upemba ndipo wanapopatikana punda milia wa mwisho wa inchi hii yote.

Siku hizi maneno ya maji ya moto yameanza kurudi, kwa midomo ya wataalamu wa umeme. Si ajabu. Migodi ya shaba na kobalti inakula kuranti yote; kiwanda cha Mwadingusha kimetengenezwa upya, na mwaka 2021 kikaanza kutoa megawati 78 zilizokusudiwa kusaidia mugodi wa Kamoa-Kakula, wakati nyumba za mitaa zinangojea zamu na mama anawasha mbabula. Kwa hiyo mutu akitaja Kiabukwa mbele ya wahandisi, masikio yanasimama. Sisi hatupingi. Tunasema tu, kwa sababu historia ya 1952 tunaijua, kwamba swali la kwanza si kilowati ngapi. Swali la kwanza ni taa ya nani. Na jirani zetu wa Zambia wana habari ya kutuambia: kule Kapisya, karibu na Nsumbu kwenye ziwa Tanganyika, kiwanda kidogo cha namna ileile kilijengwa katika miaka ya 1980 kwa musaada wa Waitalia, na hakikuwasha taa ya mutu.

Kwa mwenye kutaka kwenda, maneno machache. Aende kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa maana mvua ikianza barabara ya kaskazini inageuka matope na kamiyo zinalala njiani siku nyingi. Aulize habari za usalama kwa watu waliotoka kule juma lile, asitegemee habari ya mwaka jana. Akipita Likasi akaelekea Bunkeya, asimame. Wale ni wenye kukumbuka, na kila tarehe 20 Desemba wanamukumbuka M'siri. Akifika mukini wowote, aende kwanza kwa mukubwa, akae, aamkie, aseme ametoka wapi na mutoto wa nani, angojee. Mutu wa Lubumbashi ana haraka, anataka kushuka gari na kuuliza maji iko wapi. Asifanye vile. Kama wanamuambia leo haiwezekani, basi leo haiwezekani. Na kama wanamuonyesha njia, asitie mukono ndani ya maji kwa kujaribu. Tumekwisha sema digri ngapi.

Kwa upande wetu, kazi tuliyoianza ni ndogo. Tangu mwaka 2000, hapa chuo kikuu, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi umekusanya maneno ya wazee wa muji: kazi ya migodi, makambi, vyombo vya nyumbani, nyimbo. Tunaona maji nayo yanahitaji kukusanyiwa maneno. Wengi wa wale waliokimbia kaskazini wanaishi sasa pembeni ya Lubumbashi, wengine si mbali na Kasapa, na kati yao kuna waliochemsha chumvi wakiwa wasichana, na kuna ambao babu zao walichunga fasi. Tunaandika kwanza majina: jina la chemchemi kwa Kiluba, kwa Kisanga, kwa Kizela, kwa Kilamba, ni ya moto ao ya chumvi, ukoo gani ulikuwa na udongo, ilikatazwa nini pale, nani alikwenda mara ya mwisho, na mwaka gani. Msomaji mwenye jina hata moja alilete, hata kama ni jina tu na yaliyobaki amesahau. Bibi aliye hai aulizwe mwaka huu, mbele ya mvua.